Mishale ya Mbeyu

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, watoto. Mwenye masikio ayafungue, mwenye usingizi ampishe mwenzake.

Hapo kale, huko nyikani, palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja: Kaingu na mdogo wake wa kike, Mbeyu. Kaingu alikuwa na upinde mgumu. Hakuna kijana mwingine aliyeweza kuuvuta. Upinde wa Mbeyu ulikuwa laini. Lakini Mbeyu ndiye aliyerudi na nyama.

Mbeyu alichonga mishale yake mwenyewe. Aliupinda uti wa mshale polepole magotini, auone unavyokubali na unavyokataa. Kisha aliulaza mshale juu ya kidole. Upande wa chembe, kile kichwa chenye ncha, ukiinama kidogo, alitabasamu. Mshale wake ukiruka ulinyooka mpaka mwisho. Wa Kaingu ulitikisa mkia kama mjusi, ukaangukia miibani.

“Nyama ya leo ya nani?” watu waliuliza.

“Ya Mbeyu!”

Kesho yake, “Ya nani?” “Ya Mbeyu!” Kesho kutwa, “Ya nani?” “Ya Mbeyu!”

Kila jina hilo lilipotajwa, Kaingu aliweka tonge chini. Hata ini, fungu la mkubwa, mama yao alimpa Mbeyu. Angeweza kumwuliza mdogo wake tu, kwani walikaa jiko moja. Lakini alijiambia, “Mkubwa amwulize mdogo? Afadhali nife njaa.”

Siku moja alikuwa akiutafuta mshale wake miibani. Akasikia sauti:

“Nusa, nusa, nanusa wivu!”

Lo! Zimwi, jicho moja kama chungu, nywele kama michongoma. Kaingu akageuka kukimbia.

“Usiogope, bwana mkubwa,” likasema zimwi. “Wivu wako unanukia kama nyama ya kuchoma. Nani anakutesa?”

“Mdogo wangu. Mishale yake haikosi.”

“Niletee mmoja. Nitakuzalishia mingine, sawasawa na huo. Nawe utanipa kile usichopenda kukitazama.”

Kaingu hakuuliza ni kipi. Alisema, “Chukua.”

Basi akaiba mshale wa Mbeyu, akaupeleka. Zimwi likaulamba, likaulamba, likaulamba. Papo hapo podo la Kaingu likajaa mishale inayofanana kama mapacha. Kaingu akarudi kwa mwendo wa maringo, akipitia mitego yake. Zimwi likashika njia ya mkato.

Alipokaribia nyumbani alimsikia mama yake akipiga yowe: “Zimwi limemchukua Mbeyu!”

Kaingu akasimama. Kwa kitambo, watoto wangu, moyo wake ulimwambia: leo hawatalitaja tena jina lake. Ndipo alipouogopa moyo wake kuliko zimwi. Akatimua mbio.

Alilikuta likipanda kilima, mkoba wa ngozi mgongoni, Mbeyu ndani. Kaingu akavuta upinde, akaachia. Mshale ukayumba, ukaenda kando. Akaachia wa pili, ukaenda kando. Akaachia wa tatu, ukaenda kando.

“Sawasawa na ya Mbeyu!” zimwi lilicheka mpaka likakaa chini. “Je, nimekudanganya?”

Mbeyu akapaza sauti ndani ya mkoba: “Kaka! Hiyo ni ya upinde wangu. Upinde wako una nguvu mno, unaikunja kama nyoka. Huna mshale wako mwenyewe?”

“Ninao mmoja. Lakini unatikisa mkia!”

“Uti wake ni mgumu, ndio unaokufaa. Kichwa ndicho chepesi. Uvike chembe changu kizito. Upime kidoleni, uiname mbele!”

Kaingu akang'oa chembe cha mmoja wa mishale ile, akakivika kwenye mshale wake, akakifunga kwa ugwe. Akaupima mshale kidoleni. Ukainama mbele. Zimwi lilikuwa bado linacheka aliposimama na kuachia. Mshale haukutikisa mkia. Ukalipata jichoni, zimwi likaanguka kama ukuta, mkoba ukapasuka.

Nyumbani watu wakamwinua Kaingu mabegani.

“Nani ameliua zimwi?”

“Kaingu!”

“Nani?” “Kaingu!” “Nani?” “Kaingu!”

Miaka yote alilitamani neno hilo, na sasa lilikuwa chungu kama shubiri. Mbeyu alikaa kando akisugua vifundo vyake. Kaingu akashuka.

“Nyamazeni. Mimi ndimi niliyemtoa Mbeyu kwa zimwi, kwa wivu. Na mshale ule ulilipata zimwi kwa maarifa ya Mbeyu.”

Mama akaangusha mwiko.

“Najua, kaka,” akasema Mbeyu. “Zimwi lilinisimulia njia nzima.”

“Na bado ukanifundisha?”

“Nilikuwa mkobani. Ningemfundisha nani mwingine?”

Watu wakacheka. Kaingu hakucheka, na Mbeyu hakucheka. Vuli ilipita, masika yakapita, ndipo Mbeyu alipomwita akae karibu naye, achonge, apinde, apime.

Hadithi yangu imeishia hapo; iliyobaki mtaiota wenyewe. Bali shikeni hili: ukimwonea mwenzako wivu, mwulize alivyofanya. Usipomwuliza yeye, utaulizwa wewe na zimwi.