Sale Mlangoni kwa Panya Buku

"Na tukishindwa kurudisha?"

Aika aliuliza swali hilo mchana kweupe, mbele ya mumewe na mbele ya mkopeshaji. Hakuna aliyemjibu. Lishikeni swali hilo, watoto, msiliachie. Haya, Paukwa!

— Pakawa!

Mmelala njaa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima na kudaiana kama sisi, palikuwa na Ngiri na mkewe Aika. Walikuwa na kihamba, shamba lao la nyumbani, chini ya mfereji. Mpaka wa shamba waliuzungushia masale, ule mmea wa majani marefu. Huyu akichimba shimo, yule akishika mche. Huyu shimo, yule mche, mpaka masale yakazunguka yakakutana.

Siku moja Ngiri akatamani ukuu. Alitaka kuunywesha mlima mzima mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, ili aitwe mkuu wa rika. Ndizi za kupikia mbege alikuwa nazo, ulezi hakuwa nao. Ulezi ulikuwa kwa Panya Buku, yule mwenye mashavu kama mikoba, asiyedondosha hata punje.

— Si wangekunywa maji?

Kamwambie wewe, Manka! Ngiri akamwomba mkopo, Panya Buku akaja na vikapu vyake vya ulezi. Hapo ndipo Aika alipouliza, "Na tukishindwa kurudisha?" Ngiri akacheka. Panya Buku akapangusa masharubu, akaukodolea macho mfereji kana kwamba hajawahi kuona maji.

Kesho yake Aika akamwona mumewe anatoka na sale mkononi. Sasa nyinyi mnajua, sale ndilo la kuombea msamaha. Na mwenye sale mkononi haulizwi anakwenda kwa nani, maana ni kumwongezea aibu. Aika akasema moyoni, "Amemkosea mtu. Heri akayamalize." Akampisha njia.

Kumbe! Ngiri alikuwa amelikata sale hilo mpakani, peke yake, akaenda kulipanda mlangoni kwa Panya Buku. Na kwao, sale la mpakani likipandwa mlangoni kwa mtu, maana yake ni rehani: nisipolipa, chukua shamba.

— Na mkewe hajui?

Hajui! Mbege ikapikwa, ikanyweka, wakamwita mkuu, mkuu, mkuu. Mitungi ikakauka. Ilipokauka mitungi, ukuu nao ukakauka.

Mavuno yakaja. Panya Buku naye akaja, akasimama uani akaimba:

*Sale langu limechipua,*
*jani lake lachanua.*
*Ulezi usiponijia,*
*shamba nitalichukua.*

Aika alikuwa mferejini. Ngiri akatoka mbio. "Ndugu yangu, polepole! Mama watoto asisikie. Rudi mwezi ukiandama."

Aika aliporudi akauliza, "Nani alikuwa akiimba?"

"Mgeni tu. Anapita."

Mgeni tu! Mwezi ukaandama, mgeni akarudi. Lile sale la mlangoni kwake lilikuwa limemfika kifuani. Akaimba.

— *Sale langu limechipua, jani lake lachanua...*

Safari hii Aika alikuwa jikoni, akaokota neno moja. "Baba watoto, shamba gani linachukuliwa?"

"La watu wa huko chini."

"Na ulezi wa Panya Buku, mbona hujaupeleka? Si tumevuna?"

"Mkuu wa rika halipi kama mtoto aliyetumwa dukani," Ngiri akasema. "Mkuu huombwa." Na ulezi waliovuna akaupikia mbege nyingine.

— Aaah!

Mnasema aah? Na Aika je! Basi mara ya tatu Panya Buku hakuimba. Alikuja na ukoo wake wote, kila mmoja na jembe, wakaanza kung'oa masale. Aika akatoka na unga mikononi.

"Mnafanya nini?"

"Nachukua changu, Bi Aika. Sale liko mlangoni kwangu, limenipita urefu. Nimekopesha, sikulipwa. Nimekuja kudai mara ya kwanza, nimekuja mara ya pili. Kosa langu liko wapi?"

Uchungu wenyewe ndio huo, watoto. Panya alikuwa anasema kweli. Aika akamgeukia mumewe. "Baba watoto?" Ngiri akatazama kwato zake.

Majirani wakajazana. Nyani akasema, "Bi Aika, wewe ni mwelewa. Chuma sale ukamwombe radhi Panya Buku. Sale halikataliwi."

"Nimwombe radhi mimi? Kwa mbege mliyokunywa nyinyi? Wewe Nyani, povu halijakauka kidevuni, leo unanifundisha kuomba radhi!"

Nyani akajifuta kidevu.

Akaitwa Chura, mgawa maji wa mfereji, ambaye anaijua mipaka yote kwa sababu maji yake huipita yote. Aika akasimama mbele yake.

"Chura, haki ya Panya Buku siikatai. Anayekopesha asipolipwa, mwakani mvua zikigoma atatukopesha nani? Tungeliweka shamba rehani sote wawili, tukashindwa, leo ningefunga mzigo nikampisha. Lakini mpaka huu tulipanda wawili. Imekuwaje auweke rehani mmoja? Nami nilimuuliza Panya Buku uso kwa uso, tukishindwa je? Akanyamaza!"

"Niliongea na kichwa cha nyumba," Panya Buku akasema.

"Kichwa kilikuwa ndani ya mtungi!"

Watu wakacheka. Aika hakucheka hata kidogo.

Chura akavimba, akatulia. "Ngiri, ulipolitoa sale, nani alikushikia mche?"

Ngiri akaparua udongo kwa kwato.

"Panya Buku, ulipolipokea, ulimwona mtu wa pili?"

Panya Buku akautazama mfereji.

"Basi ulijua yuko peke yake," Chura akasema. "Deni lipo. Rehani haipo. Sale lirudi mpakani. Na Ngiri atakulipa kutoka fungu lake la mavuno, si fungu la mkewe, mpaka umalize kudai."

Panya Buku akasaga meno. Kihamba kile kilizidi vikapu vyake kwa mbali, naye ndicho alichokuwa akikingojea tangu mwanzo. Akaita ukoo wake wakaondoka.

Ngiri akaling'oa sale mlangoni kwa Panya Buku, akaenda kulipanda mpakani. Akachimba, mche ukaanguka. Akaushika mche, udongo ukafukia shimo. Hakuna aliyemsaidia, hata Nyani. Alipofika mbele ya mkewe alikuwa matope matupu, sale mkononi.

Aika akalitazama. Halikataliwi. Akalipokea.

"Nimekusamehe. Jembe liko nyuma ya nyumba, lilete nikushikie mche. Na tukishindwa?"

"Nitakuambia wewe wa kwanza," Ngiri akasema.

— Alichelewa!

Alichelewa, ndiyo. Basi mkumbuke: mkopeshaji ana haki ya kuchukua rehani, lakini shamba la wawili haliwekwi rehani na mmoja. Hadithi yangu imegusa masale ya mpakani, haivuki tena. Nawaomba kitu kimoja tu. Mtu wa nyumbani kwenu akiwauliza, "Na tukishindwa?", tafadhali, mjibuni.