Safari ya Kutazama Mikia

Hapo zamani za kale, enzi ambazo nyani walikuwa wakilima kwa jasho lao, au tuseme kwa jasho la wenzao, alikuwako mnyama aitwaye Sange. Mnamjua sange, wanangu? Ni mdogo kuliko kiatu cha baba yako, na pua yake ndefu haitulii: nusa huku, nusa kule. Usicheke, wewe. Pua hiyo ina kazi leo.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Mzee Kifaru. Mwaka ule moto ulipoichoma nyika, Kifaru alisimama juu ya Sange mpaka ndimi za moto zikapita, mgongo wake mwenyewe ukaungua. Sange hakusahau. Kila asubuhi alimshukuru Mungu kwa kumpa rafiki mwenye tumbo pana kiasi kile.

Sasa macho ya Mzee Kifaru yalikuwa yanafifia.

"Sange, mjukuu wangu," alisema siku moja, "marehemu mama aliniambia kwamba kule mlimani kuna maji yanayoanguka kutoka juu, meupe kama maziwa. Nataka niyaone kabla giza halijaniingia. Nikishayaona, hata nikipofuka nitakuwa na kitu cha kutazama ndani ya kichwa."

"Basi twende, babu!"

"Njia hatuijui. Tumtafute Bwana Nyani."

Bwana Nyani aliishi chini ya mlima, na alikuwa amejipa cheo cha kuongoza wageni. Walipofika walimkuta Bi Nyati na Ngiri, nao wamekuja kwa ajili ya maji yaleyale. Nyani akapiga makofi: pa! pa! pa!

"Karibuni, karibuni! Masharti ni haya. Tembeeni kwa mstari. Kila mmoja atazame mkia wa aliye mbele yake, pembeni asitupe jicho! Atakayetoka mstarini ataliwa na zimwi."

"Zimwi!" Ngiri akaruka. "Lina meno?"

"Swali gani hilo? Meno mpaka kisogoni! Haya, wazito mbele, ila huyu mzee wa polepole afuate Ngiri. Wewe mdogo, nyuma kabisa."

"Kwa nini wazito mbele?" Sange akauliza.

"Nani mwenyeji hapa, mimi au wewe?"

Msafara ukaanza. Chini ya kwato kukawa na mlio: kwacha, kwacha, kwacha.

"Bwana Nyani, tunakanyaga nini?" akauliza Bi Nyati.

"Zulia la heshima, bibi! Nimewatandikia wageni wangu. Kanyageni kwa nguvu, ndiyo adabu ya huku. Na sasa kushoto kwenu kuna Bonde la Wafalme. Msitazame! Basi, tumeshalipita. Lilikuwa zuri sana."

Kwacha, kwacha, kwacha. Jua likapanda.

"Babu, umeona nini mpaka sasa?" Sange akanong'ona.

"Mkia wa Ngiri," Kifaru akajibu kwa huzuni. "Nao siuoni vizuri."

Wakubwa walikuwa wakitazama mikia, lakini Sange, kwa ufupi wake, hakuufikia mkia wa mtu. Alichokiona ni ardhi tu. Akanusa: ns, ns, ns. Zulia gani hili lina punje? Kumbe ulikuwa mtama! Masuke yametandazwa uwanja mzima wa Bwana Nyani, na kwato za wageni zinayapura. Msafara haukuwa unakwenda popote. Ulikuwa unauzunguka uwanja, unauzunguka tena.

Roho ikamuuma Sange. Rafiki yake amebakiwa na macho ya siku chache, na siku zenyewe zinaishia kwenye kupura mtama wa mtu!

Fyuu! Akachomoka mstarini. Akapita vichakani, akachomwa na miiba, akapotea, akarudi, akala tunda asilolijua jina, tamu ajabu. Halafu akasikia ngurumo: gurrrr. Akasogea, manyunyu yakamlowesha pua na masikio. Maji yale pale, nyuma tu ya nyumba ya Nyani!

"Ee Mungu, ahsante," akasema, akageuka mbio, maana alitaka kuyatazama pamoja na mzee.

Akawatokea amelowa chapachapa. "Jamani! Zimwi! Nimeliona!"

Mstari ukasambaratika. Nyani akakodoa macho. "Umeona nini?"

"Zimwi lako, Bwana Nyani! Sikilizeni!" Kwato zote zikatulia, kwacha ikakoma. Kwa mbali: gurrrr. "Limenitemea mate, oneni nilivyolowa! Linasema limenusa mtama, linakuja kuula pamoja na walioukanyaga!"

"Mtama gani?" Bi Nyati akatazama chini kwa mara ya kwanza siku ile.

"Huo chini ya kwato zako, bibi! Tuusukumie korongoni hapo kando ya uwanja, lisitukute nao!"

Bi Nyati hakufanya ajizi. Akainamisha pembe, puu! Fungu zima likaporomoka korongoni. Ngiri naye akafyagia kwa meno yake.

"Acheni! Mtama wangu!" Nyani akajishika kichwa. "Hakuna zimwi!"

"Tunalisikia linanguruma!"

"Ni maji yale, maporomoko! Zimwi nimelitunga mimi mwenyewe!"

Nyani akajiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Kumbe maji yako pale," Bi Nyati akasema polepole, "na sisi tangu asubuhi tunakupuria mtama?"

Nyani akapanda mtini, na siku ile hakushuka.

Mzee Kifaru hakuwa na muda wa kugombana. "Sange, niongoze."

"Sikuongozi, babu. Masikio unayo, pua unayo. Fuata ngurumo. Mimi nitakuwa ubavuni mwako, na ukitaka kusimama, simama."

Basi akaenda. Akasimama kunusa maua mpaka akapiga chafya. Akatumbukia topeni, akalipenda lile tope, akagaagaa humo huku Sange akimngoja. Akakosea njia, akajikuta kwenye kivuli cha mianzi kilichomburudisha mgongo.

"Huku hakuna ambaye angenileta!" akacheka.

Jua lilikuwa bado juu alipotokea ukingoni. Maji yalimiminika mbele yake, meupe, mengi, na hata macho yale yaliyochoka yaliyaona.

"Loo!" akasema. "Loo, loo, loo!" Machozi yakamtiririka. "Ahsante, Sange."

"Sijakuleta mimi, babu. Umekuja mwenyewe."

"Ndiyo maana nashukuru. Ningeletwa, ningeyaona maji tu. Nimekuja mwenyewe, nimeiona na njia."

Yangu nimeyatua hapa, mwenye nguvu ayabebe: mwenyeji mshukuru, lakini macho yako usimkabidhi mtu.