Damari na Ngozi ya Sukari

Tone hulainisha, kijiko huyeyusha. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mumewe alipotaka kumketisha kijana wao na kummwagia mawaidha ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo mnaulizana: tone la nini, na kijiko cha nini? Sogeeni basi, wajukuu. Methali hii ilianza hivi, huko Singida, jikoni kwa mwanamke aliyeitwa Damari.

Damari aliolewa na Mkumbo, fundi wa redio aliyefiwa na mkewe na kubaki na binti mmoja, Eliwaza. Siku alipoingia katika nyumba ile alikuwa na moyo mweupe, ila moyo wenyewe ulikuwa na haraka. Alimletea binti gauni, viatu na mkoba wa shule, akamsuka nywele, kisha akamkumbatia na kumwambia, "Kuanzia leo mimi ndiye mama yako. Niite mama." Eliwaza alijichomoa mikononi mwake, akaingia chumbani, akalia mpaka sauti ikakauka. Gauni halikuvaliwa. Tangu siku ile, asubuhi ilikuwa "shikamoo", naye Damari "marahaba", na baada ya hapo kimya kama cha watu waliopangishwa nyumba moja.

Kipaimara cha Eliwaza kilipokaribia, binti alimwambia baba yake kwamba sherehe ikiisha atahamia kwa bibi yake mzaa mama, huko Kiomboi. Damari aliyasikia akiwa uani anaanua nguo. Alizikunja nguo zile, akazikunjua, akazikunja tena.

Basi akakumbuka jambo. Siku moja walipopita mjini, Eliwaza alisimama mbele ya duka akaitazama picha ya keki iliyovishwa ngozi nyeupe ya sukari, laini kama shuka lililopigwa pasi. Alisogea karibu mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Ngozi ile huitwa fondanti. Damari hakuwahi kuitengeneza, lakini alimuuliza mwenzake wa kwaya aliyeijua, naye akamweleza.

Siku mbili kabla ya kipaimara, keki ikiwa imekwisha kuokwa, alianza kuitengenezea ngozi yake. Alichekecha sukari ya unga mpaka ikawa kama vumbi la chaki. Aliloweka jelatini, akaiyeyusha juu ya maji ya moto, akaichanganya na glukosi na gliserini, akaimimina katikati ya sukari na kukanda. Mwanzoni bonge lilikubali. Lakini mnaijua Singida na upepo wake mkavu. Muda si muda likaanza kupasuka kama jaruba wakati wa kiangazi. Kila alipolisukuma kwa mti wa chapati, likachanika pembeni.

"Limekosa maji," Damari akajisemea. Akachota kijiko kimoja, akamimina.

Lo! Bonge likalegea, likawa gundi. Likashika meza, likashika mti, likampanda mikononi hadi kwenye viwiko. Damari alikuwa amesimama hivyo, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na mgambo, aliposikia sauti mlangoni.

"Imekuwaje?"

Alikuwa Eliwaza. Hilo lilikuwa swali la kwanza kumuuliza tangu waanze kuishi pamoja.

Maneno yakamjaa Damari kinywani. Alitaka kumwambia kwamba keki ni yake, kwamba anampenda, kwamba asiende Kiomboi. Akaitazama ile gundi inayomdondoka kwenye vidole. Akayameza.

"Sijui," alisema. "Nadhani maji yamezidi."

"Uliweka kiasi gani?"

"Kijiko."

"Kimoja tu?"

"Kimoja tu."

Eliwaza aliingia. Akachukua kidogo kwa kidole, akakisugua, akakinusa, akaonja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefungua saa kutaka kuona kinachoizungusha. "Kijiko kimoja kimeyeyusha yote haya?" akasema. "Sasa tukiweka tone?"

Sukari iliyobaki ilitosha bonge moja. Safari hii Damari alikanda, na bonge lilipoanza kupasuka, Eliwaza alichovya kidole kwenye kikombe cha maji, akaliacha tone lianguke. Damari akakanda. Wakangoja. Tone jingine. Polepole nyufa zikajifunga, bonge likang'aa, likawa laini kama sikio la mtoto.

"Umeona?" Eliwaza akasema, macho yakimng'aa. "Tone hulainisha, kijiko huyeyusha."

Walikanda kwa muda. Kisha Damari akauliza, "Tulitie rangi gani?"

Damari hakurudia swali.

"Zambarau," Eliwaza akasema baadaye. "Mama alipenda zambarau."

Tangu Damari aingie nyumba ile, hakuwahi kumsikia binti akimtaja marehemu mbele yake. Akaendelea kukanda. "Alikuwa akipika keki?"

"Maandazi tu. Makubwa hivi! Baba alikuwa akisema moja linatosha ukoo mzima." Akacheka, kisha akanyamaza kama aliyeshtushwa na kicheko chake mwenyewe. Damari akamwacha anyamaze.

Jioni Mkumbo alirudi, akawakuta wote wawili wametapakaa rangi ya zambarau. Furaha ikamzidi. Akavuta kiti. "Vizuri sana! Eliwaza, sasa keti hapa tuyamalize ya Kiomboi. Unaona mama yako huyu anavyojitaabisha kwa ajili yako? Kwanza nataka ujue kwamba..."

Eliwaza akainamisha kichwa. Uso wake ukaanza kujifunga.

"Baba Eliwaza," Damari akamkatiza kwa upole, "tone hulainisha, kijiko huyeyusha."

"Kijiko gani tena? Nazungumza na mwanangu, wewe unaniletea mapishi?"

Lakini Eliwaza aliinua kichwa. Alimtazama Damari kwa muda mrefu, kama alivyoitazama ile picha ya keki dukani. Kwa jinsi Damari alivyolisikia jina la Kiomboi bila kushtuka, alielewa kwamba mwanamke huyu alijua habari za Kiomboi siku zote, na mchana kutwa hakumgusia.

Jumapili, baada ya ibada, bibi kutoka Kiomboi alikula kipande cha keki ya zambarau, akajifuta midomo, akauliza, "Mjukuu wangu, mizigo yako iko wapi? Gari halitungoji."

"Bibi," Eliwaza akajibu, "nitakuja likizo."

Damari alikuwa karibu, akisuuza visahani. Machozi yalimtoka, lakini hakugeuka. Eliwaza akaja, akachukua kitambaa, akaanza kufuta visahani vile kimoja kimoja.

"Mama mdogo," akasema, "kwa nini maji yanayeyusha sukari lakini mafuta hayaiyeyushi?"

"Sijui," Damari akajibu. "Kesho tujaribu tuone."

Mkumbo, alipoielewa mwishowe, ndiye aliyeitoa kauli ile nje ya nyumba. Aliwaambia wateja wake pale kwenye kibanda chake cha kutengenezea redio, wateja wakaenda nayo majumbani. Basi mkitaka kuingia katika moyo uliojifunga, wajukuu, msiende na debe. Tone hulainisha, kijiko huyeyusha.