Nailoni ya Viti

Wapendwa, kabla sijafungua Maandiko niwape habari ya gari. Najua vijana wa kule nyuma ndiyo kwanza mmeamka.

Kulikuwa na mzee mmoja, mfanyabiashara wa mbao huko milimani, ambaye Mungu alimjalia shangingi. Halikuwa jipya. Lilikuwa limekula miaka, na mlango mmoja wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Lakini kijiji kizima kililijua kwa mlio. Mgonjwa akizidiwa, mzee anagongewa. Mahari ikipelekwa, mzee anagongewa. Hata askofu alipokuja kwa ajili ya Kipaimara na gari lake likazama kwenye tope, aligongewa nani? Na mzee alinung'unika, simtetei, lakini alinung'unika huku anatafuta funguo.

Biashara ikakubali. Akaenda mjini kwenye yadi ya magari, atoe lile kuukuu, aongeze kidogo, achukue jipya, lile fupi la kupanda milima, lenye matairi ya kutafuna mawe. Mwenye yadi akalizunguka shangingi, akafungua mlango, akashika pua.

"Mzee wangu, humu ulikuwa unabeba nini?"

"Watu."

"Watu tu?"

"Na mbuzi wa mahari. Na majeneza, lakini si mengi."

Mwenye yadi akacheka mpaka akaegemea boneti, kisha akampa ushauri wa bure. "Hili jipya lihurumie, mzee. Nailoni ya viti usiitoe. Nailoni ndiyo heshima ya gari."

Mnacheka! Nani humu ndani hana kochi lenye nailoni sebuleni kwake? Haya, tuendelee.

Jumapili akalileta kanisani. Mchungaji akaliombea, kwaya ikaimba, mzee akatoa shukrani kwa moyo wake wote. Hakuwa mnafiki. Ila nailoni hakuitoa. Wiki hiyo jirani mmoja akaomba lifti. Akaambiwa avue viatu avishike mkononi, na asiegemee. Jirani aliposhuka alishukuru vizuri sana, na ninyi mnajua habari za kijijini zinavyokimbia.

Miezi mitatu mzee akakaa kwa amani. Hakuna aliyegonga. Akamwambia mkewe, "Unaona? Watu siku hizi wamestaarabika." Mkewe akaendelea kuchambua maharage.

Ikaja masika. Jumamosi moja mchana mzee alikuwa uani anafuta vioo vya gari, akaona wanaume sita wanapita mbele ya lango lake, machela mabegani, tope hadi magotini. Walipomwona, kwa adabu yao, wakasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu."

Wakaendelea na safari yao.

Wapendwa, mmesikia? Wamebeba mgonjwa, kilima kiko mbele yao, gari la kupanda milima hilo hapo, wanaliona. Wakaamkia, wakapita!

Mzee akawakimbilia, kitambaa bado mkononi. "Mmembeba nani?"

"Ni mama yetu, yule mpika chai wa kwaya. Pumu imembana tangu asubuhi."

"Mbona hamkunigongea?"

Wakatazamana. Mkubwa wao akajibu, bila hasira hata kidogo, "Tumeona bado lina nailoni, mzee. Hatukutaka kukuharibia."

Afadhali wangemtukana, angepata la kujibu. Alirudi kwenye lile gari akaichana nailoni kwa mikono, ilipokataa akaichana kwa meno, akamlaza mama kwenye kiti cha nyuma na wale wanaume wakajibana palipobaki. Kile kilima, tuseme ukweli, lile la zamani lingekwama. Jipya lilipanda mpaka juu. Mungu alikuwa amempa gari hasa!

Karibu na zahanati mama akakohoa kwa nguvu, akavuta pumzi, akatapika kwenye kiti. Wanaume wakaanza kuvua mashati wafute.

"Acheni!" mzee akapiga kelele, machozi yanamtoka. "Acheni hivyo hivyo! Anapumua! Asante Mungu, anapumua!"

Mama akapona. Na baada ya hapo habari zikakimbia tena, kama kawaida yake. Wiki mbili baadaye mzee akasimama kanisani, akaomba kutoa shukrani mara ya pili. Mchungaji akashangaa.

"Mzee, umenunua lingine?"

"Hapana, baba mchungaji. Jana nimegongewa."

Ndugu zangu, sisi tunaomba Mungu atuongezee, naye ni mwema, anatuongezea. Akishatuongezea, tunaomba tusisumbuliwe, na ukimya huo tunauita baraka. Mimi pia, msinitazame hivyo, mimi pia. Lakini anayekuja kwako na shida yake bado anaamini kuwa kwako kuna mtu. Siku akiacha kuamini hivyo, hatakwambia. Atakuheshimu tu.

Basi tusimame. Leo hatushukuru kwa nyumba, wala mashamba, wala magari. Tushukuru kwa watu wanaotusumbua, kila mmoja awataje wake kwa jina. Anza na yule ambaye asubuhi ya leo simu yake uliiona ikiita, ukaiacha.