Mnana Aliyejiuliza Yuko Wapi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Mwenye kiazi mdomoni amalize kutafuna, maana kuna mahali nitataka mnisaidie kuuliza.

Hapo zamani za kale, viumbe walipokuwa hawapitani bila kusalimiana, palikuwa na ndege jina lake Mnana. Manyoya yake ya njano, kama ndizi iliyoiva. Alikaa kwenye mgunga ulioinamia mto, yeye na mkewe Mize. Kwa kusuka, Mnana alikuwa fundi. Akishika jani la tete mdomoni, analipitisha hapa, analivuta pale, anafunga. Akifunga, limefungwa.

Taabu ilikuwa moja. Kiota hakiishi.

Mawingu yalikuwa yanakusanyika nyuma ya mlima, na Mize amekuwa mzito, mayai yako njiani. Kila asubuhi Mnana huaga kwamba anakwenda bondeni kuchuma matete, mara moja tu, anarudi. Anaruka, fyuu! Anamkuta Kasuku, na Kasuku ana habari. Anatua. Habari inazaa habari. Anaruka, fyuu! Anakuta kunguru wanagombana, kwaa, kwaa, kwaa. Anatua. Lazima ajue nani kaanza. Anaruka, fyuu! Anamkuta Kima anajifunza kucheza ngoma kwa mkia. Anatua. Anatazama, anacheka, anatazama tena. Akija kushtuka, jua linazama. Anarudi kwa Mize na jani moja mdomoni, hoi.

Mize akiuliza, Mnana humwambia kwamba siku zimefupika, jua la sasa lina haraka mno. Naye hakuwa akidanganya. Aliamini hivyo kabisa. Moyoni mwake alijiona ndege mwenye kazi nyingi kuliko wote pale mtoni.

Asubuhi moja Mize akaingia kiotani, akajaribu kuketi. Kiota hakina sakafu. Akateleza, puu! Akajikuta kwenye matope ya ukingoni. Aliporudi juu ametapakaa tope mpaka kichwani, Mnana alicheka kidogo, kisha akaona mkewe hacheki.

Mize hakugomba. Alijikung'uta, akasema taratibu, "Mume wangu, mimi nimeanguka na nina mbawa. Yai likianguka, litarukaje?"

Mnana akainamisha kichwa. Akajitetea kwamba anahangaika tangu jua linapochomoza, na wala hajui siku inakwenda wapi.

"Basi leo nenda kama unavyokwenda siku zote," Mize akamwambia. "Ila kila ukitua, kabla hujafunga mbawa, jiulize uko wapi na unafanya nini. Jijibu kwa sauti, ujisikie."

Mnana akaenda. Fyuu! Akatua kwa Kasuku. Haya wenzangu, mwulizeni.

Mnana, uko wapi?

"Niko kwa Kasuku."

Unafanya nini?

"Nasikiliza habari za harusi ambazo nilizisikia jana."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaona haya. Kasuku alimtazama kwa jicho moja, akamuuliza anaongea na nani. Mnana akaaga. Fyuu! Kwaa, kwaa, kwaa, kunguru hao. Mwulizeni.

Mnana, uko wapi?

"Niko juu ya jiwe, kati ya kunguru wawili."

Unafanya nini?

"Naamua ugomvi usionihusu, na hakuna aliyeniita."

Hapo Mnana akaangua kicheko. Kunguru waliacha kugombana kwa mshangao. Akaruka zake. Kima naye, Mnana alimpungia bawa tu, akapita.

Alipofika bondeni, jua lilikuwa bado changa. Mnana alilitazama, akalitazama tena, hakuamini. Akachuma, akapeleka, akarudi, akachuma. Katika kwenda na kurudi akapita juu ya kichaka cha Mama Kanga, mzee aliyekuwa amevunjika mguu. Siku zote Mnana humpita huku akipaza sauti kwamba ana haraka. Safari hii akaokota mbegu njiani, akatua. Mwulizeni.

Mnana, uko wapi?

"Niko kwa Mama Kanga."

Unafanya nini?

"Nimemletea mbegu, maana hawezi kutembea."

Akangoja aone haya. Hakuona haya yoyote. Basi akakaa, akala naye, wakazungumza. Mama Kanga alimwambia kwamba kila siku huzisikia mbawa zake zikipita, akadhani labda hapendi kukaa na wazee. Mnana akamwahidi kwamba atakuwa anapita, na kweli akawa anapita.

Siku zilizofuata alisuka sakafu, akaiongezea nyingine juu yake. Akichoka, huenda kumtazama Kima akicheza, anacheka mpaka anatosheka, anarudi kazini. Mize akataga.

Ndipo mvua ikaja. Ndo, ndo, ndo. Kisha shwaaa! Upepo ukauinamisha mgunga mpaka matawi yakagusa maji. Mnana alikuwa nje, ameng'ang'ania, anafunga mlango wa kiota kwa jani la mwisho. Akafunga, akaingia, akajibanza ubavuni mwa Mize. Kiota kikapepesuka huku, kikapepesuka kule. Sakafu ikashika. Hata yai moja halikuteleza.

Jua lilipotoka tena, mayai yakasikika yakipasuka, ka! ka! ka! Vifaranga hao, vipara, midomo wazi. Mnana akasimama mlangoni. Mize akamkumbusha kwamba watoto wanataka wadudu.

"Najua," Mnana akasema. "Nakwenda sasa hivi. Niache kwanza niwatazame."

Akawatazama. Kisha akaruka, fyuu!

Basi wewe unayenisikiliza, siku ni yako, lakini usipoiangalia itatumiwa na kila anayekuita. Simama kidogo, jiulize uko wapi na unafanya nini. Jibu likikupendeza, kaa. Lisipokupendeza, ruka.

Hadithi yangu imetua hapo, nami nafunga mbawa.