Ndoo Mia za Kutoa

Sikilizeni mpaka mwisho, maana hukumu nitawaachia ninyi.

Miongoni mwa watu wa kijiji cha Mwabuluda walikuwapo hawa watatu. Lubango, mwangalizi wa josho, birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, hakusahau kipimo alichokimimina hata mwaka ukipita. Nyamizi, fundi cherehani, aliweza kutafuta namba iliyojificha kwa kuanzia zile zinazoonekana. Holo, mjane, alikuwa na ng'ombe mmoja tu na miguu isiyojua kurudi nyuma.

Wiki ile kupe waliua ng'ombe kumi na mmoja. Asubuhi ya kuogesha, ng'ombe mia tatu wakapangwa mbele ya josho. Ndama wa kwanza akatumbukia, akatoka upande wa pili akitetemeka, povu mdomoni. Akaanguka. Hakuinuka.

Nyamizi alikuwa na ng'ombe wawili wa mama yake kwenye foleni. Wasipoogeshwa, kupe watawamaliza. Wakiingia mle, dawa itawamaliza. Stoo ya dawa ilikuwa tupu, hata wakimwaga yote hawana ya kuanzia upya, na simu ya mtaalamu wa mifugo haikupatikana.

"Atakayeokoa mifugo hii nampa mtamba wangu mwekundu," mwenyekiti akasema.

"Si tutoe nusu, tujaze maji," akasema mmoja.

"Nusu ya nini?" Nyamizi akauliza. "Unajua mle mna dawa kiasi gani?"

Hakuna aliyejua, ila mtu mmoja. Pale Mwabuluda anayemimina dawa hutundika makopo matupu kwenye nguzo, ili mwenzake aone. Jana Lubango alimimina lita kumi na sita kwenye maji lita elfu nane, kipimo kamili. Makopo akayafukia, kwa kuhofia watu wasiyachukue kutekea maji. Leo mwenzake akakuta nguzo tupu, akamimina zote zilizobaki, lita nane.

Lubango akazitazama fimbo mikononi mwa watu. Mwenye ndama aliyekufa alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

"Kosa ni langu," akasema. "Mle zimo ishirini na nne."

Mwenye ndama akainua fimbo. Ikabidi ashikwe.

Nyamizi akaokota mkaa, akageukia ukuta wa stoo. Kipimo salama ni lita mbili za dawa kwa kila elfu; mle zilikuwa tatu. Na josho sharti lijae mpaka mstari wa elfu tisa, ambao maji yalikuwa hayajaufikia, ndipo ng'ombe azame mpaka shingoni. Elfu tisa zinataka dawa lita kumi na nane.

"Tuseme tunatoa y," akasema. "Inabaki elfu nane toa y, na kila elfu ina tatu. Jumla iwe kumi na nane. Kumi na nane gawa kwa tatu ni sita. Basi zibaki elfu sita. Y ni elfu mbili."

Kwa ndoo ya lita ishirini, ni ndoo mia za kutoa na kumwaga shimoni, mia na hamsini za maji safi. Wangetoa nusu, dawa ingekuwa dhaifu na kupe wangebaki.

"Una hakika?" mwenyekiti akauliza.

"Nimerudia mara tatu. Bado naogopa."

Ndoo ziliisha mchana. Hakuna aliyesogea.

"Tangulia, bwana."

"Wangu ana mimba. Tangulia wewe."

Holo akafungua kamba ya ng'ombe wake.

"Mama, nikiwa nimekosea?" Nyamizi akamnong'oneza.

"Nitakula nyama wiki moja, mwanangu. Kisha utanilisha wewe."

Ng'ombe akatumbukia. Nyamizi akafumba macho mpaka aliposikia kwato kwenye saruji. Wakasubiri. Kivuli cha nguzo kikafika kwenye uzio. Ng'ombe akainamisha kichwa, akaanza kula majani.

Wengine wakafuata. Hadi wiki ilipoisha hakufa hata mmoja.

Mwenyekiti akaleta mtamba. Bila Lubango, Nyamizi asingekuwa na namba ya kuanzia. Ila ni Lubango huyo huyo aliyeyafukia makopo. Bila Nyamizi, ukweli wa Lubango ungeishia kwenye fimbo. Bila Holo, hesabu ingebaki mkaa ukutani, na kupe wakiendelea kunyonya.

Mtamba hagawanyiki. Mwenyekiti bado ameshika kamba, anawatazama. Nanyi je, mngeiweka mkononi mwa nani?