Chawa wa Mfalme Ragamundi

Hapo zamani, katika nchi ya Wafaranki, Boso mkata manyoya ya kondoo alikuwa ameketi mlangoni na mkewe Bertila, wakichambua maharage na kubishana ni nani aliyesahau kumfunga nguruwe. Nguruwe mwenyewe alikuwa chini ya kitanda, akisikiliza.

"Ni wewe," alisema Bertila.

"Mimi nilimfunga. Baridi ndiyo iliyomfungua."

Walipokuwa katika hayo, wakafika askari wawili wa mfalme. "Boso, unaitwa kwenye Mkutano wa Machi. Ulisema sokoni ya kuwa waweza kumponya mfalme chawa."

"Nilikuwa nimelewa."

"Mfalme hakuuliza ulikuwaje."

Bertila akasema taratibu, "Ulimi umekiponza kichwa, mume wangu."

Ilikuwa hivi. Wafaranki walimjua mfalme wao kwa nywele. Mwanamume yeyote wa Kifaranki ambaye nywele zake zingezipita za mfalme kwa urefu, huyo angestahili kiti cha ufalme. Nywele za Mfalme Ragamundi zilifika kiunoni, na ndani yake chawa walikuwa wameanzisha ufalme wao, ambao watu wengine walisema uliongozwa vizuri kuliko ule wa nje. Walitiwa siki, wakazoea. Abati, mkuu wa watawa, aliwaombea waondoke, wakanenepa. Mfalme akawa anajikuna hata katikati ya hukumu, na mtu mmoja aliyekwenda kushtaki wizi wa ng'ombe alirudi nyumbani asijue kama ameshinda au amefungwa.

Basi amri ikatoka: Boso amnyoe mfalme chawa waishe, lakini hata jua likitua mfalme awe bado na nywele zinazowapita wanaume wote wa Kifaranki. Akishindwa, Boso atanyolewa utosi na kutiwa katika nyumba ya watawa hadi kufa, asimwone mkewe tena. Ndivyo Wafaranki walivyowaondoa watu waliowachosha.

"Hadi kufa?" akauliza Bertila.

"Abati ana jibini nzuri," alisema askari mmoja, akitaka kumfariji.

Bertila hakufarijika. Boso akamnong'oneza jambo, naye akachukua mkasi wa kondoo, wakaingia ndani. Walipotoka, Boso alikuwa amevaa kofia ya ngozi iliyomfika masikioni.

"Maharage nayaacha hapo hapo," alisema Bertila. "Hatujamaliza."

Uwanjani pa mkutano walikuwako wanaume wote wa Kifaranki, kwani kila Machi walikuja na silaha zao zikaguliwe. Na ufalme ule ulikuwa mdogo, jogoo mmoja aliwatosha kuwaamsha. Kulia kwa mfalme alisimama Ansowaldi, mkuu wa jumba la mfalme, ambaye nywele zake zilifika kifuani, naye alizichana kila mfalme alipojikuna. Kushoto aliketi mjumbe wa Walombardi, mgeni mwenye ndevu hadi mkandani.

Boso akainama. "Mfalme uishi. Desturi yasemaje hasa?"

Ansowaldi akajibu, "Nywele za mfalme ziwapite Wafaranki wote."

"Yasema zifike wapi?"

"Haisemi. Yasema ziwapite."

"Basi, Bwana wangu, naomba ninyoe kwa utaratibu wangu, nisizuiwe na mtu mpaka nimalize."

"Umepewa," alisema mfalme, akijikuna kwa mikono miwili.

Boso akawaita wakata manyoya wenzake wote, kisha yeye mwenyewe akaanza na Ansowaldi.

"Unafanya nini, ewe mchunga mbuzi?"

"Namtumikia mfalme, Bwana mkubwa. Shika sikio lisije likakatika."

Ikawa jioni uwanja mzima unang'aa kama shamba la maboga. Mjumbe wa Walombardi alishika ndevu zake akauliza kama naye yumo. "Wewe si Mfaranki," alisema Boso, "na desturi haikutaja videvu." Ndipo akamgeukia mfalme, akamkata nywele zikabaki upana wa kidole. Nyingine zikaanguka chini na raia wao. Nao wale, kwa kukosa nchi, wakahamia walikoona msitu. Muda si muda mjumbe akaanza kujikuna kidevu.

Jua lilikuwa limegusa vilele vya miti Ansowaldi aliposema, "Umesahau kichwa kimoja, mkata kondoo. Hicho kilichofunikwa. Na muda wa kukinyoa huna."

Boso akavua kofia. Kichwa kilikuwa kitupu kama yai, na mikwaruzo miwili ya mkasi wa Bertila.

Mfalme akacheka hata taji, ambalo sasa halikuwa na nywele za kulizuia, likamshuka puani. "Omba utakacho," alisema kutoka ndani ya taji.

"Ruhusa ya kwenda nyumbani, Bwana wangu."

"Hilo tu?"

"Nimeacha maharage."

Mfalme akampa ruhusa, na juu yake kondoo jike. Ansowaldi akaenda kutafuta kofia.

Kesho yake asubuhi Boso aliamka kabla ya mkewe. Nguruwe alikuwa chini ya kitanda. Akamtoa, akamfunga, akarudi kuhakikisha amemfunga. Kisha akaketi mlangoni, baridi ikimpiga utosini, akachambua maharage polepole, asije akamwamsha Bertila. Alipoona yanakaribia kwisha akaacha, akangoja wamalize pamoja.